Darubini ya bunduki: Bei nafuu isigeuke hasara porini

MWINDAJI anayetafuta darubini ya bunduki kwa fedha kidogo hukutana kwanza na tarakimu. Boksi moja limeandikwa 4x32, jingine 3-9x40 na la tatu 6-24x50, na pengine bei zake hazipishani sana. Wengi huchukua lenye tarakimu kubwa, wakiamini kuwa wamepata zaidi kwa fedha ileile.

Imani hiyo huzaa hasara. Mtengenezaji anayeuza kwa bei ya chini ana kiasi kidogo cha kugharimia lenzi, chemchemi na vifundo vya ndani. Akiongeza ukuzaji bila kuongeza bei, hana budi kupunguza ubora wa vitu hivyo, ambavyo mnunuzi havioni dukani.

Hasara yenyewe haiishii mfukoni. Eneo la moyo na mapafu ya swala pala linakaribia upana wa kiganja kilichokunjuliwa, na risasi ikipita kando yake mnyama hukimbia na jeraha.

Nchini Tanzania, ambako uwindaji wa leseni unaruhusiwa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, mwindaji aliyejeruhi mnyama anawajibika kumfuata na kummaliza. Ikiwa mnyama huyo ni nyati, anayeufuata mkojozo wa damu vichakani huhatarisha maisha yake na ya wenzake.

Nchini Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na wenye leseni za silaha hulenga shabaha katika viwanja maalumu. Huko darubini mbovu haijeruhi mnyama, lakini humaliza risasi za mlengaji bila yeye kujua kama kosa ni la mkono wake au la chombo.

Tarakimu zina maana gani

Katika 3-9x40, tarakimu za kwanza zinaeleza kuwa darubini hukuza kitu kuanzia mara tatu hadi mara tisa. Ya mwisho ni kipenyo cha lenzi ya mbele, yaani milimita 40.

Kipenyo cha lenzi kikigawanywa kwa ukuzaji, hupatikana upana wa mwanga unaolifikia jicho. Darubini hiyo ikiwekwa mara tisa hutoa mwanga wenye upana wa milimita 4.4. Ikiwekwa mara nne hutoa milimita 10.

Mboni ya jicho la kijana hutanuka hadi milimita 7 hivi gizani, na hupungua kadiri umri unavyosonga. Kwa hiyo alfajiri na jioni, wakati wanyama wanapotoka malishoni, ukuzaji mdogo huonyesha vizuri kuliko mkubwa. Darubini ya 6-24x50 ikiwekwa mara 24 hutoa milimita 2 tu, na picha huwa na giza.

Kwa mwindaji wa vichakani, ambako mnyama hupigwa ndani ya mita 150, ukuzaji wa mara nne unatosha. Darubini isiyobadilika ukuzaji ina sehemu chache zinazosogea, na kwa bei ileile mara nyingi huwa imara zaidi.

Nafasi ya jicho

Jambo la pili ni umbali kati ya jicho na lenzi ya nyuma ambao picha huonekana kamili. Bunduki kubwa kama .375 Holland & Holland, iliyoanza kuuzwa mwaka 1912, husukuma bega kwa nguvu. Darubini inayomlazimisha mpigaji kusogeza uso karibu humpasua nyusi.

Kwa bunduki za namna hiyo, umbali usipungue sentimita 9. Mnunuzi asome kipimo hicho katika maelezo ya kiwanda kabla ya kulipa, kwani darubini zenye ukuzaji mkubwa huwa na nafasi finyu.

Ni vema pia kuthibitisha kuwa darubini imejazwa gesi ya naitrojeni au agoni na kuzibwa vizuri. Gesi hizo kavu huzuia ukungu ndani ya lenzi pale baridi ya alfajiri inapogeuka kuwa joto.

Pete zisisahaulike

Wapo wanaomaliza fedha zote kwenye darubini, kisha wakaifunga kwa pete dhaifu. Hesabu ndogo inaonyesha hatari yake. Pete mbili zikiwa zimeachana kwa milimita 100, na ya mbele ikasogea kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, risasi itapotoka sentimita 10 katika umbali wa mita 100. Katika mita 200 itapotoka sentimita 20, na hiyo inatosha kulikosa kabisa eneo la moyo na mapafu ya swala.

Kwa sababu hiyo, mwenye fedha kidogo apunguze ukuzaji kabla ya kupunguza ubora wa pete. Skurubu zikazwe sawasawa kwa zamu, bila kupita kiasi, kwa kuwa bomba la darubini likibonyea sehemu za ndani hukwama.

Jaribio la mraba

Darubini nyingi za kuwindia hurekebishwa kwa robo ya dakika ya pembe. Kila kifundo kinapolia mara moja, risasi huhama takriban milimita 7 katika mita 100.

Baada ya kuirekebisha bunduki ipige katikati, mwenye darubini apige risasi moja au mbili. Kisha ahamishe kifundo milio 20 kulia na kupiga, 20 juu na kupiga, 20 kushoto na kupiga, halafu 20 chini na kupiga tena, huku akilenga doa lilelile.

Matundu yanapaswa kuchora mraba wenye upande wa sentimita 14 hivi, na risasi za mwisho zirudi zilipoanzia. Zisiporudi kwa mpigaji aliyetulia na pete zilizokazwa, darubini hiyo haiaminiki, hata kama lenzi zake zinang'aa.

Jaribio hili lifanyike katika kiwanja kilichoidhinishwa, mapema, wakati muuzaji bado anakubali kubadilisha bidhaa.

Mlengaji wa shabaha, ambaye hurekebisha vifundo mara kwa mara, analihitaji zaidi. Yeye anaweza kunufaika na ukuzaji wa mara 12 au zaidi, kwa kuwa shabaha haisogei na mwanga ni wa mchana. Hata hivyo ahakikishe darubini ina kirekebishi cha umbali, la sivyo alama ya msalaba itahama juu ya shabaha kila anapotikisa kichwa.

Aliyekwisha kuridhika na darubini yake bado anashauriwa kupiga risasi chache za majaribio baada ya kila safari ndefu ya barabara mbovu. Risasi mbili zinazotobolea karatasi kambini ni gharama ndogo kuliko moja inayomwacha mnyama akivuja damu porini.