Kwa nini skripti inakubali mchana na kukataa usiku



Wengi wetu tunaotunza orodha za miswada ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu tumekutana na kadhia hii. Skripti ya kutoa nakala ya hifadhidata ya Oracle, ukiiendesha mwenyewe mchana, inafanya kazi bila taabu. Ukimwachia cron aiendeshe saa nane za usiku, asubuhi hupati kitu. Au unapata kitu lakini kimeharibika, na hili ndilo baya zaidi.

Sababu ni hii. Unapoingia kwenye seva kwa jina lako, sheli husoma faili la .bash_profile na kujaza vigeu vya mazingira: Oracle iko wapi (ORACLE_HOME), hifadhidata ipi (ORACLE_SID), programu zitafutwe wapi (PATH). Cron hapiti mlango huo, wala hilo faili halisomi. Skripti inapewa vitu vichache tu: HOME, LOGNAME, SHELL ambayo ni /bin/sh, na PATH fupi, kwa kawaida /usr/bin:/bin.

PATH isipotosha, utaambiwa sqlplus haionekani. ORACLE_SID ikikosekana, utaletewa ORA-12162. Makosa haya yana adabu, yanapiga hodi. Lakini NLS_LANG ikikosekana, kimya! Oracle huchukulia kuwa upande wako unatumia US7ASCII, yaani herufi za Kiingereza tu, na kila herufi ya Kiarabu hutoka alama ya kuuliza.

Mimi yalinifika. Kazi ilimalizika "salama" usiku baada ya usiku, nakala mpya ikifuta ya zamani, hata siku moja nikafungua faili nikakuta majina ya watunzi wote ni ????. Bahati hifadhidata yenyewe ilikuwa nzima. Ingekufa wiki ile, ningewaambia nini wenye miswada yao?

Dawa ni kuandika faili moja, tuliite mazingira.sh:

export ORACLE_HOME=/u01/app/oracle/product/19.0.0/dbhome_1
export ORACLE_SID=MISWADA
export PATH=$ORACLE_HOME/bin:/usr/bin:/bin
export NLS_LANG=AMERICAN_AMERICA.AL32UTF8

(Njia na jina la hifadhidata weka vya kwako.) Kisha mwanzoni mwa skripti, kabla ya amri nyingine yoyote, andika nukta, nafasi, na njia kamili ya faili:

. /home/oracle/mazingira.sh

Usijaribu kuandika PATH=$ORACLE_HOME/bin ndani ya crontab yenyewe. Cron haifasiri alama ya $, ataichukua kama ilivyo.

Kuna watakaosema AR8MSWIN1256 inatosha kwa Kiarabu. Kwa Kiarabu ndiyo, kwa Kiswahili hapana. Ina پ na چ, lakini haina ڤ tunayoandikia v. Vumba na Mvita zitatoka na pengo.

Mwisho, usingoje usiku kujua kama umefaulu. Jaribu mchana kwa mazingira matupu:

env -i /bin/sh /home/oracle/nakala.sh

Ikipita hapo, kwa cron nayo itapita. Ila fungua faili uisome kwa macho, na jina la kila nakala litie tarehe, ya leo isije ikafuta ya jana.

Nakaribisha masahihisho.