Mvutaji na Baraza Lake

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Watu wengi hudhani kwamba kuacha sigara ni kazi ya nia peke yake. Mwenye nia huacha, na asiye nayo hubaki akikohoa. Mimi sivuti, wala sina ujuzi wa udaktari, lakini nimekaa na wavutaji tangu utoto wangu, nyumbani kwetu Mji Mkongwe na huku dakhalia, na nimesoma niliyoweza kuyapata juu ya jambo hili. Kwa niliyoyaona na niliyoyasoma, dhana hiyo haimsaidii mvutaji hata kidogo. Nataka kueleza hapa kwa nini sigara ni ngumu kuacha, na kwa nini wanaofaulu, mara nyingi, ni wale walioshikwa mkono na wenzao.

Kwanza yafaa tujue sigara inamfanya nini mtu. Ndani ya tumbaku mna kitu kiitwacho nikotini. Mtu akivuta pafu moja, nikotini hupita mapafuni, ikaingia katika damu, na ikafika ubongoni kwa muda wa sekunde 10 hadi 20 hivi. Huko huleta raha ndogo ambayo ubongo huizoea upesi. Baada ya saa mbili hivi nusu ya nikotini ile huwa imekwisha kupotea katika damu, na ubongo huanza kudai haki yake. Akinyimwa, mvutaji huwa mkali, usingizi humpaa, njaa humzidi, na mawazo yake hayakai pahala pamoja. Vijana wa mitaani huiita hali hii arosto, neno walilolizoea watumiaji wa unga. Arosto ya sigara huwa kali zaidi siku mbili tatu za mwanzo, kisha hupungua, na kwa watu wengi huisha baada ya wiki mbili hadi nne.

Hapo ndipo penye fumbo. Ikiwa mwili wenyewe hutulia baada ya mwezi, mbona watu hurudia sigara baada ya miezi mitatu, au hata mwaka mzima? Hapana shaka hawarudi kwa sababu ya nikotini iliyobaki, kwani haikubaki. Hurudi kwa sababu ya saa, pahala na watu. Mtu aliyevuta miaka thelathini amefunga sigara yake pamoja na kikombe cha kahawa, na mchezo wa bao, na habari za mpira, na rafiki anayekaa upande wake wa kulia barazani. Kila kimojawapo cha vitu hivyo humwita sigara kwa jina lake.

Mfano mkubwa tunao hapa hapa Unguja, nao huja kila mwaka. Mwezi wa Ramadhani mvutaji hufunga tangu alfajiri mpaka magharibi, na hapa kwetu, kwa kuwa tu karibu na ikweta, ni saa kumi na tatu na kitu. Siku nyingine mtu huyo huyo hawezi kumaliza saa mbili. Nikotini ni ile ile na ubongo ni ule ule. Kilichogeuka ni watu wanaomzunguka. Mikahawa imefungwa, wenzake barazani hawawashi, na hata asiyefunga hujificha. Hapana anayemnyoshea pakiti akimwambia, "Chukua moja, bwana." Zaidi ya hayo ana nia ya ibada, ambayo si jambo dogo na mimi siwezi kuipima. Lakini tazama yanayotokea adhana ya magharibi ikilia: tende moja, maji mafundo mawili, na wengine huwasha sigara kabla hata ya uji. Baada ya tarawehe baraza hukaa tena, na yote yaliyozuiwa mchana hulipwa mpaka wakati wa daku. Basi wenzake wale wale ndio waliomzuia mchana, na ndio waliomrudisha usiku.

Ami yangu mmoja, fundi seremala wa makasha na milango, alianza kuvuta akiwa na miaka kumi na tisa, na sasa amepita hamsini. Alijaribu kuacha mara tatu, na mara zote tatu alijaribu kwa siri. Aliona haya kuwaambia watu, kwa kuwa akishindwa watamcheka. Kwa hiyo alikuwa akikaa barazani kama kawaida, akinyoshewa sigara akasema kifua kinamuuma, kesho yake akasema ameisahau pakiti nyumbani, na siku ya nne au ya tano akachoka kutunga visingizio akaipokea. Mara ya nne ilikuwa baada ya kwenda hospitali kwa maumivu ya kifua, safari hii ya kweli. Daktari alimwambia maneno machache tu, na ami hakuyarudia mbele yetu watoto, lakini mkewe alilia usiku ule.

Safari hiyo alikwenda barazani akawaambia wote. Nilikuwapo, kwa kuwa nilitumwa kumpelekea ufunguo. Alisema, "Jamani, mimi sigara nimeiacha leo. Mkinipa nitaipokea, kwa hiyo msinipe." Wakacheka kwanza, kama alivyoogopa. Kisha mzee mmoja, mkubwa wao kwa umri, akauliza, "Na ukiomba mwenyewe?" Ami akajibu, "Nikiomba, mnifukuze." Tangu siku ile likawa jambo la baraza zima, kama vile deni au harusi. Wenye kuvuta wakahamia upande wa pili wa njia wanapotaka kuwasha. Muuza kahawa akawa anampa tangawizi badala ya kahawa, kwa kuwa kahawa na sigara kwake vilikuwa pacha. Rafiki yake mmoja, ambaye yeye mwenyewe aliacha miaka sita nyuma, akawa anampitia baada ya isha wakatembea mpaka Forodhani wakanywa maji ya muwa, maana saa hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu kupita zote. Mkewe naye akaweka kopo, na bei ya pakiti moja ikaingia humo kila siku. Kwa hisabu yangu kopo lile lina nguvu kuliko mahubiri, kwa sababu likitikiswa hulia.

Alianguka mara moja, katika mazishi ya rafiki yake wa ujana. Alivuta sigara mbili. Zamani angesema, "Basi, yamekwisha," akanunua pakiti. Safari hii alikwenda kwa yule mwenzake wa matembezi akamweleza, na yule akamwambia tu, "Usiku wa leo tunatembea mpaka Malindi." Sasa ni mwaka na miezi minne. Madaktari husema kwamba kaboni monoksaidi, hewa ya sumu iliyomo katika moshi, hutoka katika damu kwa siku chache tu baada ya kuacha, na baada ya mwaka mmoja ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo aliyojiletea mvutaji hupungua hadi nusu yake.

Msomaji aweza kusema kwamba ami mmoja si ushahidi. Ni kweli. Basi natoka Unguja kidogo nitafute ushahidi mkubwa zaidi. Uingereza, mwaka 1950, wataalamu wawili, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walichapisha uchunguzi uliofungamanisha sigara na saratani ya mapafu. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, naye aliacha alipoyaona matokeo yake. Mwaka 1951 wakaanza kuwafuatia madaktari wa nchi ile, na kazi hiyo ikaendelea miaka hamsini. Iligundulika kwamba wavutaji hufa kiasi cha miaka kumi kabla ya wenzao wasiovuta. Lakini aliyeacha akiwa na miaka 50 hurudishiwa sita hivi katika hiyo, na aliyeacha akiwa na miaka 30 hurudishiwa karibu yote. Ami yangu hupenda hisabu ya sita. Mimi, kwa umri wetu, naipenda zaidi ile ya pili.

Huko Marekani, katika mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts, watu wamefuatiwa afya zao kwa miongo mingi. Mwaka 2008 Nicholas Christakis na James Fowler walitoa matokeo ya watu 12,067 tangu mwaka 1971 hadi 2003, wakitazama nani ni rafiki, ndugu au mume wa nani. Waliona kwamba watu hawaachi mmoja mmoja kama embe zinavyoanguka, bali kundi zima huacha karibu pamoja. Mume au mke akiacha, uwezekano wa mwenziwe kuvuta ulipungua kwa asilimia 67. Rafiki akiacha, kwa asilimia 36. Ndugu, kwa asilimia 25. Nilipoisoma habari hii nililikumbuka baraza la ami, kwani tangu aache yeye, wawili wengine wameacha. Jambo jingine waliloliona si zuri. Wale waliobaki wakivuta walisogezwa pembezoni, wakawa na marafiki wachache zaidi, na wengi wao ni wavutaji wenzao. Nitalirudia hilo, kwa kuwa linatuhusu sisi hapa skuli.

Wako watu wa Unguja wanaolijua jambo la kuachia katika kundi kuliko sisi sote, nao ni wale walioacha unga. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 zimekuwapo hapa kisiwani nyumba za upataji nafuu, ambazo wengi huziita soba hausi. Humo mtu huishi pamoja na wenzake walio katika njia moja, wakakaa duara kila siku na kusemezana, na anayemwongoza mgeni ni mtu aliyetumia naye akaacha. Njia yao ilitokana na ile ya chama cha walevi waliokusudia kuacha pombe, kilichoanza mwaka 1935 katika mji wa Akron, Ohio. Unga ni mzito kuliko sigara, na wengi huhitaji dawa pia; ndiyo maana hospitali ya Kidongo Chekundu ikaanza kutoa methadoni mwaka 2015. Lakini nikotini nayo hufunga mtu barabara, na sioni kwa nini mvutaji anyimwe kilichomfaa mwenye shida kubwa zaidi, yaani mtu wa kumwambia, "Leo najisikia vibaya," asichekwe.

Shirika la Afya Duniani limesema kwamba zaidi ya watu 60 katika kila watumiaji 100 wa tumbaku wanataka kuacha, na kwamba katika kila majaribio 100 ya kuacha bila msaada wowote, ni kama manne tu yanayofaulu. Akipata mshauri na dawa, bahati yake huongezeka zaidi ya mara mbili. Dawa zipo: viraka vya nikotini vya kubandika ngozini, ubani wa nikotini wa kutafuna, na vidonge kama vareniklini, bupropioni na sitisini, ambavyo shirika hilo lilivipendekeza katika mwongozo wake wa Julai 2024. Anayetaka dawa amwulize daktari kwanza, wala asipewe na rafiki. Sitaki kusema mengi juu ya shisha na sigara za umeme, ila kwamba anayehamia huko kwa kudhani ameacha ajiulize kama nikotini nayo imemwacha. Na kuberi ni tumbaku, hata kama haina moshi.

Sasa nije kwetu. Kila anayelala dakhalia anajua kwamba wapo wenzetu wanaovuta, na anajua wanavutia wapi. Sheria ya skuli ni kwamba akikamatwa hurudishwa nyumbani, na siipingi sheria, kwani watoto wa Kidato cha Kwanza wanatazama. Lakini nimeona inavyofanya kazi. Mvutaji hawezi kumwambia mwalimu wala kiranja kwamba anataka kuacha, maana kusema anataka kuacha ni kukiri kwamba anavuta. Anabaki na watu wale wale wanaojificha pamoja naye, nao ndio rafiki pekee walio na habari zake. Tumemfanyia yale yaliyoonekana Framingham, tukamsogeza pembezoni akutane na wenye pakiti.

Muhula huu wanafunzi wanne wa Kidato cha Nne, nami mmojawapo, tulimwendea mwalimu wa dakhalia tukamwomba jambo moja: anayekuja mwenyewe, kabla ya kukamatwa, asiandikwe. Mwalimu alifikiri siku tatu. Akakubali, kwa sharti kwamba kila anayekuja apate mwenzake mmoja asiyevuta wa kuwa naye katika saa zake ngumu, na kwamba yeye mwalimu aambiwe idadi lakini asiambiwe majina. Saa ngumu hapa si baada ya isha kama kwa ami. Ni kipindi baina ya chakula cha jioni na masomo ya usiku, wakati hakuna kengele. Tumeanza kuitumia kucheza karata na kuzunguka uwanja.

Waliokuja mpaka sasa ni wawili. Mmoja amefika wiki ya saba. Wa pili alivuta wakati wa mapumziko ya katikati ya muhula, nyumbani kwao shamba, akarudi akatuambia mwenyewe usiku ule ule kabla hatujamwuliza. Ninapoandika haya yumo katika siku yake ya tisa, na nafasi ya mwenzake wa jioni kwa wiki ijayo bado haina mtu, kwa kuwa mimi nina mtihani wa majaribio. Anayeweza kuichukua aje chumba cha tatu, kitanda cha dirishani.