Funga Desa, Jiulize

Muhula uliopita, geto kwetu Kihonda, nilipiga msuli hadi alfajiri. Desa nililirudia mara nne, nikaona limeingia. Kwenye pepa, kichwa cheupe, nikaambulia sapu.

Mwalimu wetu wa saikolojia akatueleza utafiti wa Roediger na Karpicke, Marekani, wa mwaka 2006. Wanafunzi waliosoma habari vipindi vinne waliongoza walipopimwa baada ya dakika 5. Baada ya wiki walikumbuka asilimia 40 tu. Waliosoma kipindi kimoja, kisha wakaandika wanachokumbuka mara tatu, asilimia 61.

Kurudia kunakuzoesha maandishi; kujiuliza kunakuzoesha kuyatoa kichwani, na pepa linataka hilo. Basi ndugu yangu, leo funga desa, andika unachokumbuka, ndipo ulifungue ujisahihishe. Sapu yangu niliivuka hivyo.