Kuzungushia Nyumba Ukuta wa Kinga: Pima Nyuma Kama Ulivyopima Mbele

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea kusoma, toka nje kidogo, uizunguke nyumba yako. Usitazame bati wala madirisha. Tazama chini, pale ukuta unapokutana na ardhi. Ikiwa nyumba yako ni ya matofali mabichi, kama zilivyo nyingi huku vijijini, huenda utaona ukuta umeliwa kama hindi lililotafunwa na panya. Kazi hiyo ni ya mvua. Maji ya batini hudondoka, huirusha tope ukutani mpaka kimo cha goti, na kila masika huondoka na sehemu ya tofali.

Watu wengine hupaka saruji juu ya matofali hayo mabichi, wakadhani wamemaliza. Saruji haishikani vizuri na udongo mkavu. Mwaka wa kwanza inapendeza, mwaka wa pili inabanduka kama gome la mti, na unyevu uliofungiwa nyuma yake umekwisha kulainisha ukuta. Iliyo bora ni kuzungushia nyumba ukuta mfupi wa matofali ya kuchoma, uliosimama juu ya mawe na kuegemea ukuta wa zamani, tena juu yake ukatiwa mteremko ili maji yaende nje. Mafundi wengi wanaiweza kazi hiyo. Shida iko katika hesabu, na hapo ndipo nilipoanguka mimi mwenyewe.

Shangazi yangu ni mjane, naye anakaa milimani Lushoto na mjukuu wake. Mwaka 2021, mwezi wa Februari, aliuza ndama wake, akaniita. Akasema, "Baba, wewe umesoma ualimu. Nipimie nyumba hii, nijue ninunue nini, maana ndama mwingine sina." Nikatoa futi yangu na daftari kwa fahari. Upana wa mbele meta 9, ubavu meta 6 na nusu, basi mzunguko wote ni meta 31. Nikainama mlangoni, nikaona kinga ikifika sentimeta 40 itatosha. Nikazidisha: meta 31 mara 0.40, ni meta za eneo 12.4. Shangazi akaleta chai, nami nikaona kazi imekwisha.

Msomaji wa milimani amekwisha kuliona kosa. Nyumba za huko zimejengwa mtelemkoni. Mbele ya nyumba ya shangazi ardhi iko juu. Nyuma imeshuka, tena mvua za miaka mingi zimeichukua zaidi. Kinga inayosimama sentimeta 40 mbele, ikizungushwa sawasawa, inatakiwa isimame sentimeta 90 nyuma. Nilikuwa nimefundishwa namna ya kuwafundisha watoto hesabu za eneo, lakini sikuzunguka nyuma ya nyumba.

Nikanunua matofali 550. Fundi akaanza mbele, kwa kuwa ndipo wageni wanapoona, akafuata mbavu mbili. Alipofika nyuma, yalibaki matofali sitini na kidogo, na ukuta wa nyuma peke yake ulihitaji zaidi ya 300. Fundi akanitazama, akasema, "Karani, umepima nyumba au umepima mlango?" Sikuwa na jibu. Fedha ya ndama ilikuwa imekwisha, na mvua zikaanza. Wakati wa masika wachomaji hawawezi kuanika matofali, na yale yaliyobaki hupanda bei. Wiki ya pili ya mvua kipande cha ukuta wa nyuma, upana wa mikono miwili iliyonyoshwa, kiliangukia nje usiku. Kitanda cha mjukuu kilikuwa upande wa pili wa ukuta huo. Mtoto hakuumia, lakini shangazi na mjukuu wake walilala kwa jirani muda wa wiki tatu, nami nikakopa fedha.

Sasa nakueleza tulivyopima mara ya pili, huyo fundi na mimi, naye ndiye aliyekuwa mwalimu.

Kwanza kabisa, usiamini kwamba nyumba ni mraba kamili. Pima kila upande peke yake, na kila pembe inayojitokeza, kama jiko au baraza, uiandike.

Pili, tafuta usawa. Chukua mpira wa maji unaopenya mwanga, ujaze maji, uhakikishe hauna mapovu ya hewa ndani. Mtu mmoja aushike ncha moja penye alama ya kimo ulichochagua mbele, mwingine aende na ncha ya pili pembe hata pembe. Maji yakitulia, yako sawa pande zote mbili, hata kama nyumba iko kati yenu. Weka alama ya mkaa. Ukiisha kuzunguka, unao mstari mmoja ulio sawa nyumba nzima, nao ndio utakaokuwa juu ya kinga yako. Tangu hapo unapima kwenda chini, mpaka pale mawe ya msingi yatakapoishia. Usipime mpaka kwenye majani, maana majani hudanganya.

Tatu, zidisha kila upande kwa kimo chake. Upande ulio tambarare una kimo kimoja. Upande unaoteremka una vimo viwili, basi vijumlishe, ugawe kwa mbili. Tazama nyumba ya shangazi: mbele, 9 mara 0.40 ni 3.6. Nyuma, 9 mara 0.90 ni 8.1. Ubavu mmoja, 0.40 na 0.90 ni 1.30, nusu yake 0.65; mara 6.5, tena mara mbili kwa kuwa mbavu ni mbili, ni 8.45. Jumla ni meta za eneo 20.15. Mimi nilikuwa nimepata 12.4. Ikiwa ardhi ya ubavuni ina shimo au kichuguu katikati, kigawe kile kipande vipande vya meta mbili mbili, kila kimoja ukifanyie wastani wake.

Milango usiitoe katika hesabu. Matofali yanayobaki mlangoni yataingia katika ngazi.

Kuhusu matofali, kila tanuri lina kipimo chake, kwa hiyo usichukue hesabu ya mtu mwingine. Pima la kwako. Letu lilikuwa urefu sentimeta 23, kimo 8, unene 11. Ongeza sentimeta 2 za saruji ya kuunganishia, ndipo tofali moja linafunika 25 kwa 10, yaani matofali 40 kwa kila meta moja ya eneo. Mara 20.15, ni 806. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa yanayovunjika na yanayokatwa pembeni: ni 887, tukasema 900.

Sasa saruji. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa yapata lita 35. Kwa mchanganyiko wa saruji moja na mchanga sita, mfuko mmoja unataka lita 210 za mchanga, yaani ndoo kubwa za lita 20 kumi na nusu. Kwa matofali ya namna yetu mchanganyiko huo unajenga kama 240, basi 900 yanataka mifuko 4. Chini tulichimba mfereji wa upana wa sentimeta 25 na kina cha 15, tukapanga mawe ya shambani na kuyajaza saruji: mifuko 2. Juu, kwa ule mteremko wa kumwaga maji, mfuko 1. Jumla mifuko 7, na ndoo 75 za mchanga zinatosha, au toroli 25 ikiwa toroli lako linachukua ndoo tatu. Mawe hayakutugharimu ila jasho.

Hapa nisimame kidogo, maana mfereji huo una hatari kuliko kosa langu la hesabu. Usichimbe chini kupita msingi wa zamani wa nyumba. Wala usichimbe upande mzima kwa siku moja. Chimba meta moja na nusu, jenga mawe, acha yashike, ndipo uendelee mbele. Ukuta wa udongo ukikosa mahali pa kukanyaga, hautakuambia kabla. Pale penye mteremko mfereji uwe wa ngazi ngazi, kila ngazi sawa, kwa sababu tofali halilali juu ya kilima.

Saruji usiinunue yote mwanzo. Nunua ya siku chache, iweke juu ya mbao mbali na ukuta. Mimi niliacha mifuko miwili sakafuni wakati ule tulipokwama, nikaikuta imekuwa mawe, na shangazi sasa anaitumia kufungia mlango wa banda la kuku.

Tukaanza upande wa nyuma safari hii. Kazi ilipokwisha yalibaki matofali 31, fundi akayajengea ngazi ya mlango wa jikoni. Shangazi hukaa hapo jioni kuchagua maharage, na mgeni akiisifu nyumba yake humwambia kwanza apite nyuma akaione.