Ted Lindsay: Nyota wa Barafuni Aliyedai Haki



Hapa Gasenyi, jioni baada ya kazi, tunapenda kubishana juu ya wachezaji wa zamani. Wengi wetu tunawasifu vijana wa Vital'O waliofika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1992. Leo tunawaletea nyota wa mchezo ambao hatuuchezi: mpira wa magongo wa barafuni. Wachezaji huteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye vyuma, na badala ya mpira hugombea kisahani kigumu cha raba.

Nyota huyo ni Ted Lindsay wa timu ya Detroit, mji wa viwanda vya magari huko Marekani. Yeye, Gordie Howe na Sid Abel walishambulia pamoja, na watu wakawaita Mstari wa Uzalishaji, kwa mfano wa viwanda vya mji wao. Lindsay alikuwa mfupi lakini mkali. Kati ya 1950 na 1955 alitwaa Kombe la Stanley mara 4.

Lakini sisi tunampenda kwa jambo jingine. Ligi ilikuwa na timu 6 tu, na mchezaji hakuwa na uhuru wa kuchagua mwajiri. Alikatwa fedha za pensheni, lakini akiuliza hesabu haonyeshwi. Februari 1957, Lindsay, Doug Harvey wa Montreal na wenzao wakatangaza chama cha wachezaji.

Matajiri wenye timu walikasirika. Lindsay alikuwa amemaliza msimu wake bora kuliko yote, lakini Julai akahamishiwa Chicago, timu iliyokuwa imeshika mkia. Novemba, wachezaji wa Detroit wakajitoa chamani. Mwaka 1958 chama kikafa.

Je, jasho lake lilipotea bure? Hapana. Mwaka huohuo matajiri walikubali mshahara wa chini wa dola 7,000 kwa mwaka na kuongeza mchango wao wa pensheni. Mwaka 1967 wachezaji waliunda chama kipya, na kipo hadi leo. Lindsay alifariki mwaka 2019. Tangu 2010, tuzo ambayo wachezaji wenyewe humpa mwenzao bora ina jina lake.

Ndugu, tajiri alimhamisha Lindsay, lakini waliomwacha peke yake ni wenzake. Kesho mwenzetu akiuliza habari za makato yetu, kisha akahamishwa idara au shamba, sisi tutasimama wapi? Kidole kimoja hakivunji chawa.