Narmada ‘umefurika’, ‘limefurika’ au ‘ameandika’?

Mtu mnayeitwa jina moja ni wajina wako, au somo yako. Aghalabu jambo hilo halileti utata mkubwa: tukiwa na akina Juma wawili, tutauliza tu, “Juma yupi, wa nani?” Je, wajina hao wakiwa ni mto, mwanamke, wilaya na mradi wa maji? Hapo ndipo mwandishi wa Kiswahili anapolazimika kuzijua ngeli zake barabara. Hebu tuutumie mfano wa Narmada, mto wa India.

Mto huo huanzia Amarkantak, jimboni Madhya Pradesh, ukaelekea magharibi kwa takriban kilomita 1,300 hadi Ghuba ya Khambhat, karibu na mji wa Bharuch. Jina lenyewe ni la Kisanskriti: ‘narma’ ni furaha au mzaha, na ‘da’ ni mwenye kutoa. Narmada basi ni mpaji furaha. Wahindu wengi huuona mto huo kuwa mama na mungu wa kike, na wapo mahujaji wanaouzunguka kwa miguu, wakifuata ukingo mmoja na kurudi kwa ule mwingine. Si ajabu wazazi huwapa binti zao jina hilo.

Wanaume nao wamo. Mwaka 1833 alizaliwa mjini Surat mshairi Narmadashankar Dave, maarufu kama Narmad. Huyu ndiye aliyetunga Narmakosh, kamusi ya Kigujarati kwa Kigujarati iliyochapishwa kikamilifu mwaka 1873. ‘Kosh’ ni hazina, na pia ni kamusi. Tawasifu yake aliiita Mari Hakikat, na msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kuona kwamba ‘hakikat’ ni ndugu wa ‘hakika’ yetu. Maneno yote mawili asili yake ni Kiarabu.

Jimboni Gujarat, kuna wilaya iitwayo Narmada. Kuna pia Narmada Bachao Andolan, yaani Vuguvugu la Kuokoa Narmada, lililoanza miaka ya 1980 na kujulikana sana kupitia kwa mwanaharakati Medha Patkar. Isitoshe, mwaka 1995 ilitolewa filamu ya hali halisi, A Narmada Diary, kuhusu mapambano hayohayo.

Sasa turejee kwenye sarufi. Narmada (mto) umefurika. Narmada (mwanamke) ameandika. Narmada (wilaya) imepata mvua. Jina halibadiliki hata herufi moja; kinachobadilika ni kiambishi cha upatanisho, nacho hutokana na nomino ambayo mwandishi ameificha. Mkenya akisema alishuka Athi River, hatumuulizi kama alilowa. Muktadha umeshatueleza kwamba ni mji. Kwa mto wa mbali, msomaji hana muktadha huo.

Wapo watakaosema, “Ah, hizo ni nongwa za walimu wa sarufi.” Mimi nasema la. Tazama kauli hii: “Narmada umewahamisha wanakijiji.” Kiambishi ‘u-’ kinautaja mto, na msomaji ataelewa kwamba mafuriko yalitokea, kudra ya Mungu. Ukweli ni mwingine. Mto huo ulijengewa bwawa kubwa la Sardar Sarovar, ambalo baadhi ya watu hulitaja kwa jina la mto. Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru aliliwekea jiwe la msingi mwaka 1961, na Narendra Modi akalizindua mwaka 2017. Limepeleka maji katika maeneo makavu ya Gujarat. Maji yaliyokusanyika nyuma ya ukuta wake pia yamezamisha vijiji, na maelfu ya familia, wengi wao wa jamii za Waadivasi, wakalazimika kuhama.

Ukiandika “bwawa limewahamisha”, umekaribia ukweli. Ukiandika “serikali imewahamisha ili kupisha bwawa”, umemtaja mtendaji, na sasa msomaji anaweza kuuliza maswali: Nani aliamua? Nani alilipwa fidia? Mto hauwezi kuitwa mahakamani kujibu maswali hayo. Serikali yaweza, na Mahakama ya Juu ya India ilitoa uamuzi kuhusu mradi huo mwaka 2000.

Ushauri wangu kwa wanahabari, wafasiri na wanafunzi ni mwepesi. Jina geni linapotajwa mara ya kwanza, litangulizie nomino ya jumla: Mto Narmada, Wilaya ya Narmada, Bi Narmada, mshairi Narmad. Kisha kiambishi kifuate nomino hiyo hadi mwisho wa aya, pasi na kurukaruka kutoka ‘u-’ hadi ‘i-’ hadi ‘a-’. Na kama habari yenyewe inahusu watu waliopoteza mashamba, usiuache mto ubebe lawama ambayo si yake.