Ukuta unaonyonya maji: kwa nini lipu mpya ya saruji haiponyi nyumba

Kila mwaka, mvua zinapokoma na kiangazi kuanza mwezi wa Juni, wenye nyumba katika mitaa ya chini ya Bujumbura, kuanzia Buterere hadi Kibenga, huikuta alama ileile ukutani: mstari wa rangi ya kahawia uliopindapinda kati ya goti na kiuno cha mtu mzima, rangi iliyobambuka chini yake, na unga mweupe unaodondoka sakafuni. Fundi huitwa. Hubandua lipu ya zamani, hupiga mpya ya saruji, hupaka rangi ya mafuta, hupokea ujira wake na kuondoka. Kwa miezi kadhaa nyumba hupendeza. Kisha alama hurudi, na mara nyingi hurudi ikiwa juu zaidi ya ilipokuwa.

Tatizo hilo limewagusa watu wengi zaidi katika miaka ya karibuni. Mwaka 2020 mto Rusizi ulifurika na kuikumba Gatumba. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika liliingia katika mitaa ya kandokando yake na hata katika bandari ya Bujumbura, huku wakazi wa Uvira na Kalemie, upande wa Kongo, wakipatwa na masaibu hayohayo. Maji yanayoonekana yakishaondoka, watu hurejea majumbani na kuanza kukarabati. Maji yaliyo chini ya ardhi hayaondoki siku hiyohiyo. Hubaki karibu na msingi kwa muda mrefu, na msingi huyanywa.

Maji hupandaje?

Anayeijua taa ya mafuta anajua pia namna maji yanavyopanda ukutani. Utambi huchovywa chini, na mafuta hupanda yenyewe hadi kwenye mwali pasipo kusukumwa. Tofali la kuchomwa, tofali bichi la udongo na hata zege vina vinyweleo vyembamba visivyoonekana kwa macho, na maji huvutwa humo kwa nguvu ileile. Kadiri kinyweleo kinavyokuwa chembamba, ndivyo maji yanavyopanda zaidi. Katika kinyweleo chenye upana wa sehemu mbili za mia za milimita, maji yanaweza, kwa hesabu, kupanda karibu mita moja na nusu. Katika nyumba halisi kwa kawaida huishia karibu na mita moja, kwa sababu njiani sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke na kutoka kupitia uso wa ukuta.

Hapo ndipo ilipo siri ya jambo lote. Ukuta hunywa kwa chini na kupumua kwa pembeni, na urefu wa alama ni pale vitu hivyo viwili vinapolingana. Anayeziba pembeni bila kuzuia chini huyalazimisha maji yatafute mahali pa juu zaidi pa kutokea. Lipu nzito ya saruji hufanya hivyo. Rangi ya mafuta hufanya hivyo, na vigae vinavyobandikwa ukutani ili kuficha aibu vinazidi.

Maji ya ardhini hayapandi peke yake. Hubeba chumvi za udongoni, na katika viwanja vilivyo karibu na vyoo vya shimo hubeba pia chumvi zitokanazo na uchafu. Maji yakikauka, chumvi hubaki, hujijenga kuwa chembe ngumu ndani ya vinyweleo, na chembe hizo zikikua huisukuma lipu hadi ikabanduka. Baadhi ya chumvi hizo hunyonya unyevu wa hewani zenyewe, ndiyo maana ukuta waweza kuonekana umelowa siku ya mawingu hata baada ya maji ya chini kukatwa. Lipu iliyokwisha kuingiwa na chumvi haitibiki. Inapaswa kuondolewa.

Si kila unyevu hutoka ardhini

Kabla ya kutoa hata faranga moja, mwenye nyumba anapaswa kujua maji yanatoka wapi. Unyevu ulio juu ya ukuta, chini ya paa, ni wa bati linalovuja. Doa moja la duara karibu na bafu au jiko huenda ni bomba lililopasuka. Ukuta unaolowa upande mmoja tu, ule unaopigwa na mvua, una nyufa. Unyevu wa kupanda hujitambulisha kwa mambo matatu kwa pamoja: huanzia sakafuni, huishia karibu na urefu mmoja chumba kizima, na huacha chumvi nyeupe.

Liko pia jasho la kweli, yaani mvuke wa pumzi na wa mapishi unaogeuka maji ukigusa ukuta wenye baridi. Jaribio lake ni rahisi. Kipande cha karatasi ya plastiki hubandikwa ukutani, kingo zake zote zikizibwa kwa gundi ya utepe, kisha huachwa siku mbili au tatu. Matone yakiwa upande wa chumbani, kinachohitajika ni madirisha kufunguliwa. Yakiwa nyuma ya plastiki, maji yanatoka ukutani.

Kosa la kutambua lina gharama kubwa kuliko ya fedha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu majumbani, lilihusisha nyumba za namna hiyo na pumu na maradhi mengine ya njia ya hewa. Na katika nyumba za matofali mabichi, ambazo ndizo makazi ya wenye kipato kidogo, unyevu hulainisha mistari ya chini inayobeba uzito wote. Lipu ya saruji kwa nje huficha hali hiyo: uso hubaki mgumu huku udongo wa ndani ukiwa tope. Ukuta wa namna hiyo waweza kuanguka bila onyo la kutosha.

Somo kutoka Zanzibar

Uzoefu wa Mji Mkongwe wa Zanzibar unafaa kusikilizwa hapa, ijapokuwa huko ni baharini na huku ni ziwani. Majumba yake yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na yalidumu kwa vizazi kwa sababu chokaa huruhusu ukuta kupumua. Saruji ilipoanza kutumika kuyakarabati, kuta zilifungiwa unyevu na chumvi ndani, na jiwe laini likamomonyoka nyuma ya lipu ngumu. Ndiyo maana wahifadhi wa mji huo, uliomo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, husisitiza chokaa. Kwa ukuta wa zamani wa Buyenzi au Uvira kanuni haibadiliki: lipu isiwe ngumu kuliko kitu inachofunika. Chokaa na mchanga hufaa kwa tofali la kuchomwa, udongo uliochanganywa na chokaa kidogo hufaa kwa tofali bichi.

Tiba huanzia nje. Udongo na takataka zilizorundikana ukutani mwaka hadi mwaka huondolewa hadi ardhi ya nje iwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 au zaidi. Mifereji hufungwa kwenye paa na maji yake hupelekwa mbali. Ardhi huinamishwa kuelekea nje, na ukanda wa kokoto huwekwa kando ya ukuta mahali pa sakafu ya zege, ambayo huzuia ardhi kukauka. Mtaro wa kukusanya maji waweza kuchimbwa, lakini usishuke chini ya kitako cha msingi. Kazi hizo huhitaji jembe zaidi ya fedha, na kwa nyumba nyingi hutosha kuishusha alama.

Pasipotosha, njia ya maji hukatwa ndani ya ukuta wenyewe. Fundi hukata mstari mmoja wa chini kwa vipande visivyozidi mita moja, huingiza karatasi nene ya plastiki au ya lami, hujaza kwa saruji na kusubiri ikamae kabla ya kusogea kipande kingine. Anayekata ukuta mzima kwa mara moja anauangusha. Ipo pia dawa inayodungwa katika matundu yaliyotobolewa kati ya matofali, ambayo imezoeleka zaidi Ulaya. Hiyo ni ya kuta zilizounganishwa kwa chokaa au saruji, na kwa ukuta wa udongo haifai kutegemewa. Kwa anayejenga upya, kazi hii yote hubadilika kuwa karatasi moja inayolazwa juu ya msingi kabla ya tofali la kwanza, gharama ndogo mno katika jengo zima, na ndiyo inayorukwa mara nyingi.

Baada ya hapo, lipu ya zamani hubanduliwa hadi karibu nusu mita juu ya alama, na ukuta huachwa wazi. Kipimo kinachotumiwa na mafundi wa ukarabati ni mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, kwa hiyo ukuta wa sentimita 20 huweza kuhitaji miezi minane. Jua la kiangazi hufupisha muda huo. Anayebandua Juni ana nafasi ya kupiga lipu ya chokaa kabla mvua za Oktoba hazijakolea. Anayengoja hadi Septemba ni bora auache ukuta wake uchi hadi mwaka unaofuata.